Mtu Niliyemfufua Ufukweni

Nakumbuka asubuhi moja ufukweni Sib, huko Omani, jua halijapata nguvu, nikiwa natembea sambamba na wanawake watatu wenye mabuibui meusi na viatu vya mazoezi. Nikaufungua mdomo wangu nikamfufua mtu. Sikutumia dawa wala dua, mwanangu. Nilitumia ulimi, na kazi yote haikuchukua zaidi ya hatua mia mbili za mchangani.

Nisikutangulie, nikwambie kwanza mimi nilikuwa nani. Shule niliiacha Unguja, darasa la sita. Sikufukuzwa, na ada haikunishinda. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na barabara ndiyo iliyonishinda. Tangu hapo nikawa mtu wa kwenda. Nimekanda mikate Dubai, nimelala ghala la matairi Sohar, nimekaa mwaka mzima Matrah nikiwabebea watu mizigo katika vichochoro vya soko. Na kila nilipofika niliuliza. Hiki nini? Kile nani kakiweka pale? Huyu kafa vipi? Nilikuwa nikiweza kumsimamisha mtu mwenye haraka zake nikamuuliza kwa nini kofia yake imeshonwa vile na si hivi. Tembea uone, walisema wahenga, nami niliona. Lakini hawakusema tembea useme, na hilo mimi nilijiongezea mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nikatua kwa shangazi yangu, Bi Nasra, nyumbani kwake Mawaleh. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na begi moja. Nikapata kazi katika soko kubwa la mboga na matunda, kupakua malori zamu ya mchana, na asubuhi zangu zikawa mali ya shangazi. Yeye alikuwa na maradhi ya sukari. Daktari alimwambia, ama utembee, ama tukuongezee sindano. Shangazi alizichukia sindano kuliko kutembea, basi akakusanya jirani zake, wanawake wa Kizanzibari kama yeye, kila mmoja na sukari yake au presha yake, na mimi nikawa dereva wao. Nawapeleka Sib, wanatembea ufukweni kwenda na kurudi, nawarudisha. Kwa kuwa siwezi kukaa ndani ya gari na dunia iko nje, nikawa natembea nao.

Katikati ya njia yao palikuwa na merikebu. Zamani ilikuwa meli ya mizigo, ya chuma, si kubwa. Tufani iliitupa pale kiasi cha miaka ishirini nyuma, na bahari imekuwa ikiila kidogo kidogo tangu siku hiyo. Kilichobaki ni mbavu zenye kutu, kipande cha omo ya mbele, na injini iliyozama nusu mchangani kama ngamia aliyepiga magoti. Maji yakikupwa unaweza kuizunguka kwa miguu.

Siku ya kwanza tu nilimuuliza shangazi.

"Shangazi, merikebu hii nini khabari yake?"

"Imezama."

"Ilikuwa na nani?"

"Na watu. Tembea."

Sasa Bi Nasra si mtu wa kujibu kwa neno moja. Ukimuuliza khabari za paka wa jirani atakupa nasaba yake. Ningekuwa na akili ningelijua kwamba mtu msemaji akinyamaza, hapo ndipo penye jambo. Lakini mimi kila asiyenijibu nilimhesabu kuwa hajui.

Basi nikaitafuta khabari mahali pengine. Dereva mmoja wa teksi wa Matrah akaniambia meli ile ilikuwa inatoka Dubai na saruji na tende. Basi, hilo tu. Sentensi moja. Ila mimi sikuwa mtu wa kuachia sentensi moja ikae peke yake. Wiki ya kwanza nikaitilia upepo. Wiki ya pili nikampa nahodha ndevu na ukali. Sokoni nikawa nawasimulia wenzangu wakati wa chai, na kila nikisimulia nazidisha. Palikuwa na mlinzi wa lango, Mkenya mmoja akiitwa Barasa, mtu wa Bungoma, mpole na mwenye maneno yake. Siku moja akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Nassor, hiyo meli yako unaipakia watu kila siku. Juzi walikuwa wanane, leo ni kumi na mmoja. Ukiendelea hivyo itazama tena." Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Aliyenipa nasaha nilimpa kicheko, nikaendelea kupakia.

Sasa turudi ile asubuhi. Shangazi alibaki nyuma kwa wavuvi akigombania nguru. Alisema macho ya samaki yule yamelala tangu juzi, na mvuvi akamwambia yamelala kwa sababu ya maneno yake. Sisi tukatangulia, mimi na wale watatu. Mmoja wao ni Bi Rahma, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mwembamba, mtaratibu, asiyeongea sana. Nilikuwa nimeona jambo kwake na sikulielewa: kila tukikaribia merikebu, yeye huhamia upande wa barabara na kutazama nyumba mpaka tuipite. Nilidhani anakwepa mng'aro wa bahari.

Siku ile hakuhama. Akaniuliza, "Nassor, nasikia wewe unaijua khabari ya merikebu hii."

Mwanangu, mtu asiyewahi kukuuliza kitu akikuuliza, nawe muulize kwanza: kwa nini waniuliza? Mimi sikuuliza. Mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kuuliza. Nilipata msikilizaji mpya na moyo ukanipanda kama maziwa jikoni.

Nikamwambia yote, na juu ya yote nikaongeza ambalo sikuwahi kulisimulia kabla, kwa kuwa lilinijia pale pale. Nikasema watu watatu hawakufa. Walishika ubao, wakaokotwa na chombo cha Mabulushi, wakapelekwa Gwadar, Pakistani, ng'ambo ya pili. Mmoja wao alikuwa mtu wa Unguja, mrefu, ana jino la dhahabu.

Kwa nini jino? Kwa sababu hadithi bila ya kitu kidogo chenye kung'aa haishiki. Na kwa sababu mabaharia wengi wa zama zile, wakipata mshahara mzuri, hutia dhahabu mdomoni. Ningeweza kusema kovu, na ningekuwa nimeokoka. Nilisema jino.

Bi Rahma alisimama. "Jino la wapi?"

"La juu, Bi Rahma. Mbele. Akicheka linawaka."

"Akaishi?"

"Akaishi. Wanasema kaoa huko huko."

Baada ya hatua chache akasema sukari imemshuka, arudishwe garini. Nikampa tende, nikamshika mkono, na njia nzima ya kurudi nilikuwa najisifu kimoyomoyo. Nilidhani hadithi yangu imemlegeza magoti kwa utamu wake.

Siku ya pili yake Bi Rahma hakuja kutembea. Ya tatu pia. Siku ya nne, mchana kabla sijakwenda kazini, akaja mtu mzima mlangoni kwa shangazi, kanzu imenyooka, fimbo mkononi, na aliyemtaka ni mimi. Shangazi alikuwa kwa daktari. Nikamkaribisha, nikamtilia kahawa, naye hakuigusa.

"Mimi naitwa Khalfan," akasema. "Bi Rahma alikuwa mke wa ndugu yangu Hamed. Hamed alikuwa ndani ya merikebu ile."

Mwanangu, nilikuwa nimeshika birika. Niliendelea kulishika tu, sikujua pa kuliweka.

Akanieleza kwa utaratibu kama mtu asomaye waraka. Hamed alikuwa baharia wa meli ile, na tufani ilipoitupa, maiti yake haikutambuliwa. Mkewe alisubiri, na baada ya miaka kadhi akahukumu kwamba amekufa. Bi Rahma akakaa eda, akaimaliza, akamlea binti yao Muna, ambaye baba alimwacha na miezi saba. Sasa Muna ni bibi harusi. Ndoa ilikuwa ifungwe Ijumaa ya tatu kutoka siku ile. Unajua sharia yetu, mwanangu, kwamba msichana huozeshwa na walii wake, na walii wa kwanza ni baba. Baba akiwa hayuko duniani, babu. Babu alikuwa ameshakufa, kaka Muna hana, basi jambo likamfikia ami yake, huyu Khalfan.

"Sasa Rahma anasema mtoto haozeshwi na ami naye baba yake yuhai," akasema. "Nimemwambia kadhi alikwisha hukumu. Anasema kadhi hakuambiwa khabari ya jino. Na mimi, ami Nassor" (alinipa heshima hiyo, mtu mwenye umri wa baba yangu) "mimi nikifikiri usiku silali. Nitasimama vipi mahali pa ndugu yangu, naye yu hai Gwadar anakula chakula chake? Watu wa bwana harusi wameanza kuuliza kama tumepata mchumba mwengine. Kwa hivyo nakwenda Gwadar. Na wewe uje nami, maana wewe ndiye mwenye khabari."

Hapa ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno lenyewe fupi. Unajua nilisema nini?

Nilisema, "Inshallah, tutakwenda."

Nitakwambia kwa nini, kwa sababu nasaha isiyokuwa na aibu ya mwenye kuitoa haina uzito. Nilikuwa sijawahi kufika Gwadar. Mtu kanijia kuniambia ndugu yake kanyanyuka kutoka kwa wafu, na mimi ndani ya kichwa changu nishaanza kuona bandari mpya, na masoko mapya, na watu wa kuwauliza maswali. Na alipoondoka, mpango ukanijia wote mzima mzima. Tutakwenda, tutauliza siku tatu nne, halafu nitarudi kutoka sokoni na khabari kwamba mtu mwenye jino alikuwapo, ila alikufa mwaka jana kwa homa. Khalfan atalia, tutarudi, mtoto ataozeshwa, na kila mtu moyo wake utatulia. Niliona nimelitengeneza.

Shangazi aliporudi nikamkuta ametia miguu katika karai la maji ya vuguvugu, kama daktari alivyomwelekeza, akivikagua vidole kimoja kimoja. Mwenye sukari huogopa kidonda cha mguu kuliko simba. Nikamweleza yote, na mpango wangu juu yake. Nilitazamia atasema, kijana una akili.

Hakuinua macho kutoka kwenye vidole. "Ile khabari ya jino umeipata kwa nani?"

"Kwa watu, shangazi."

"Watu gani?"

Nikajitia kuuliza kama maji ya karai yamepoa.

"Nnakuuliza. Watu gani?"

"Nimeitia mwenyewe. Ipate ladha."

Maji ya karai yakatulia. Shangazi hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alisema polepole, kama mtu anayehesabu vidonge vyake.

"Kwa hivyo mtu wa watu umemfufua juzi pale mchangani, na sasa unakwenda Gwadar na ndugu yake ukamuue."

"Shangazi, nataka kulitengeneza tu."

"Mtu mmoja, Nassor, auliwe mara ngapi? Bahari imemuua mara moja. Kadhi kamuua mara ya pili. Wewe unataka ya tatu. Na Rahma akae eda ngapi kwa mume mmoja?" Akautoa mguu mmoja majini akaniambia nimpe taulo. "Uongo hautengenezwi, mwanangu. Uongo ni mwiba. Unatolewa, damu ikatoka, na mambo yakaisha. Ukiusukuma ndani mpaka usionekane, utasema umepona, lakini huo mguu utakuja kukatwa."

"Nitasema nini kwao?"

"Si wewe ndiye mwenye maneno?"

Nikamwomba anisindikize. Akakataa. "Siku ile ulipokwenda kusema ya jino hukutaka mtu wa kukushika mkono. Nenda hivyo hivyo." Halafu, nikiwa mlangoni, akaniita, akasema kile walichosema wakubwa wetu: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. "Na wewe," akasema, "umejikwaa ulimi ukamvunja mwenzio kidole."

Nyumba tatu, mwanangu. Mimi niliyevuka jangwa nyuma ya lori la vitunguu, sijawahi kuiona safari ndefu kama ile ya nyumba tatu.

Muna ndiye aliyenifungulia. Mkono mmoja ulikuwa na maua ya hina, wa pili mtupu. Walikuwa wakijaribu michoro, halafu mambo yakasimama nusu. Akanitazama juu mpaka chini.

"Ndiye wewe? Mama yumo ndani. Kama umekuja na jino jengine, rudi nalo."

Nikaingia. Bi Rahma alikuwa amekaa juu ya zulia, na pembeni begi la ami Khalfan liko wazi. Khalfan mwenyewe alikuwa akikunja nguo. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka, nitaanza na dereva wa teksi na saruji na tende. Nikasema nikiwa nimesimama:

"Hakuna mtu wa Gwadar. Hakuna ubao, wala hakuna jino. Nimetunga. Sikujua kama una mtu mle, lakini hata ungekuwa huna, nilikuwa nasema nisilolijua. Nisameheni."

Khalfan alisimama na shati mkononi. Akatoka uani, akakaa huko kidogo, akarudi. "Nshatia nguo begini," akasema. Hilo tu. Aliniangalia kama mtu anayenionea huruma. Kofi ningelipokea vizuri zaidi.

Bi Rahma ndiye aliyesema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Jino la Hamed lilikuwa la chini, huku kushoto, nyuma. Akicheka halionekani. Wewe ulisema la juu, mbele."

"Kwa hivyo ulijua," nikasema.

"Nilijua pale pale. Nikajiambia, msimuliaji kakosea jino." Akaukunja ukingo wa leso yake, akaukunjua. "Mtu akikaa miaka ishirini, Nassor, akiletewa jino lisilo lake hulipokea. Hata ile ya kuoa huko niliikubali. Nilisema na aoe, maadamu yu hai."

Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, nimetukanwa kwa lugha tano, na nimewahi kufukuzwa kazi mara mbili katika mwezi mmoja. Hakuna kilichonikalia kama maneno hayo. Nilidhani siku zote kwamba muongo humdanganya mjinga. Si kweli. Humdanganya mwenye kiu. Yule mwenye kiu anajua kuwa kikombe hakina kitu na bado anakiinamisha.

Nikageuka niondoke, akanizuia. "Kaa. Hujamaliza. Una miguu, na una mdomo wa kuuliza usiojua haya. Mimi miaka yote sikuthubutu kuuliza, niliogopa nitakachojibiwa. Nenda ukaniulizie vya kweli. Lakini usiniletee ila alichokiona mtu kwa jicho lake. Na akikwambia hajui, niletee hilo hajui lake kama lilivyo, usilitie sukari."

"Na ndoa?" akauliza Khalfan.

"Ndoa itajua siku yake. Bado kuna wiki mbili."

Nikaanza kesho yake. Kila asubuhi, kabla ya zamu yangu, nikawa napita pwani ile nikiuliza watu wazima. Safari hii nilichukua daftari la mtoto wa jirani, maana niliuogopa ulimi wangu. Mtu wa kwanza akasema hajui. Wa pili akasema alikuwa Kuwait miaka ile. Wa tatu akasema aliisikia kwa nduguye, na nduguye kafa. Nikaandika: hajui, hajui, alisikia. Nikagundua kitu cha ajabu, kwamba dunia imejaa watu wasiojua, na wanasema hivyo wakiendelea kunywa kahawa yao, wala hawapungukiwi.

Siku ya tisa nikampata mzee mmoja anayesuka madema ya waya, mitego ile ya samaki inayofanana na kuba. Tulizungumza Kiarabu. Hakuacha kusuka hata mara moja.

"Baada ya tufani walitupwa na maji watu wanne," akasema. "Mimi ni mmoja wa waliowabeba. Tuliwaosha kwa maji ya kisima cha msikiti. Sanda hazikutosha, mke wangu akatoa kitambaa alichokuwa amejiwekea kwa Idi. Tukawasalia, tukawazika juu kule, makaburini kwetu."

"Majina yao?"

"Hatukuyajua. Tuliwaombea bila majina. Mola anawajua."

Nikaandika: wanne, bila majina. Nikamuuliza: katika wale wanne, palikuwa na mmoja mwenye jino la dhahabu?

Hapo ndipo alipoinua macho. "Maiti hufungwa taya," akasema. "Tuliyafunga. Hatukufungua midomo ya watu kuwahesabia meno."

Nikaandika. Nilipokuwa nanyanyuka, akaongeza jambo ambalo sikumuuliza. "Kila Idi nikenda kuwazuru wangu, napitia na kwao. Nawatolea salamu. Huwezi kuwapita watu uliowaosha."

Nilikwenda kwa Bi Rahma moja kwa moja. Khalfan alikuwapo, Muna alikuwapo, na shangazi safari hii alikuja, akakaa pembeni. Nikasoma daftari kutoka juu mpaka chini, pamoja na wale wote wasiojua. Nilipofika kwa mzee wa madema nikasoma taratibu. Nilipomaliza, Bi Rahma akauliza, "Na Hamed ni mmoja wa wanne hao?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa pale mdomoni, tamu, nyepesi, na ingemfaa kila aliyekuwamo chumbani. Shangazi alinitazama.

"Sijui, Bi Rahma. Na mzee hajui."

"Na waliobaki wasioonekana?"

"Sijui."

Akaliomba daftari, akalifunga. Kisha akasema, "Hili nitaweza kulala nalo." Akamgeukia Khalfan. "Tutakwenda kuwazuru wote wanne. Yeyote aliye wetu, ni wetu, na asiye wetu keshakuwa wetu. Na Ijumaa usimame umwozeshe mtoto."

Muna alikuwa akifuta macho kwa mgongo wa mkono ule wenye hina. "Ami," akamwambia Khalfan, "lifungue tena lile begi, kanzu ya harusi umeitia chini kabisa." Tukacheka wote, hata mimi, nikiwa sina haki ya kucheka.

Ijumaa Khalfan alisimama mahali pa ndugu yake, akatoa mkono, na sauti yake haikutikisika. Nilikuwa mlangoni nikipanga viatu vya wageni. Hapo ndipo nilipopewa nafasi, na nilifurahi nayo.

Siku tatu baadaye wale wanawake wakarudi kutembea. Maji yalikuwa yamekupwa sana. Tulipokaribia merikebu nilimtazama Bi Rahma, nikijua atahamia upande wa barabara. Hakuhama. Alivua viatu, akanishikisha mimi, akaingia kwenye maji ya kufika kwenye vifundo.

"Hii nini?" akauliza.

"Injini."

"Na ile?"

"Omo. Kipande cha omo."

"Na hapa palikuwa na nini?"

"Sijui, Bi Rahma."

Akakiweka kiganja chake chote juu ya chuma, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alikaa hivyo. Alipokiondoa kilikuwa chekundu kwa kutu, na juu yake hina ya harusi ya bintiye haijafifia. Hakukiosha. Akageuka akamwita shangazi aliyekuwa nyuma anahema. "Nasra, njoo. Maji si baridi."

Mwanangu, mvi zangu sasa ni nyingi kuliko nywele, na bado sijaacha kuuliza. Wala sitakwambia uache. Udadisi ni neema, na aliyeacha shule kama mimi hana mwalimu mwengine. Nenda, tazama, wasumbue watu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, nawe ukizunguka kwako kote utarudi kukaa na ulichokisema. Kwa hivyo angalia unachokisema. Unapokiona kitu kilichovunjika, nyumba au gari au chuma ufukweni, usikiite hadithi mpaka ujue ni msiba wa nani, maana mwenyewe huenda anatembea ubavuni mwako na hajasema. Ukiulizwa, muulize anayeuliza kwa nini. Usipojua, sema hujui, na usikimbilie kuongeza kitu baada yake. Na ukiwa umekwisha kosea, usitie uongo wa pili kuufunika wa kwanza, hata kama wa pili ni wa huruma. Nenda kwa miguu yako, usimame mbele ya uliyemwumiza, useme kabla hujakaa. Halafu mtumikie. Kuomba msamaha bila kufanya kazi ni kutawadha bila kusali.

Nakuombea miguu isiyochoka na macho yasiyoshiba. Mola akupe shangazi wa kukuuliza "watu gani?" kila utakapoanza kupaa, akukutanishe na wazee wanaowakumbuka wasiowajua, na siku utakapoulizwa kwa kiu jambo usilolijua, aufanye mwepesi ulimi wako kwa neno lile dogo. Amin.